Vidole vya Akusheze

Siku ya kwanza Akusheze alipoingia chumbani kwangu kupimwa gauni, alikigeuza kioo changu kikatazama ukuta. Hakuomba ruhusa. Alikigeuza kama mtu anayefunga dirisha kwa ajili ya baridi, kisha akasimama katikati ya chumba, akainua mikono pembeni, akasema, "Pima, Mutanzania. Mi siko na siku muzima."

Mimi ni mtu wa kuulizauliza. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikichungulia. Basi nilimpima bega, nikampima kiuno, na muda wote swali lilikuwa linaniwasha ulimini: mtu anayeshonesha gauni asitake kujiona nalo, analishonesha la nini? Sikuuliza siku ile. Nilikuwa mgeni Gisenyi, nimerudi nchi ya wazazi wangu kutoka Tabora baada ya vita na cherehani yangu ya mkono, na chumba nilichopanga pale Nengo kilikuwa chake. Mgeni mwenye akili humsoma mwenye nyumba kwanza, maswali baadaye. Nilimsoma miaka mitatu.

Akusheze ni neno la Kifaransa lililopita midomoni mwa watu wa pale mpaka likawa lao. Maana yake mkunga. Mji mzima ulimwita hivyo, paroko, askari wa mpakani, wauza dagaa wa sambaza ufukweni. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua, lakini sina haja ya kulitaja, maana hata binti yake alipomkasirikia alimwita vilevile.

Nimeanza na kioo kwa kuwa ndicho nilichokiona kwanza. Habari yenyewe ni ya mikono yake. Mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mji ule, na swali lililotukalisha roho juu miaka yote hiyo ni kama ingeruhusiwa kumshika mtoto mmoja tu, wa binti yake mwenyewe.

Ilikuwa mikono mifupi, minene, na kila mara ya moto. Kabla ya kumgusa mjamzito aliikunja ndani ya kitambaa kilichokaa karibu na mbabula, jiko la makaa, ili tumbo lisishtuke. Alikuwa ameshastaafu katika maternité, wodi ya wazazi ya misheni, lakini wanawake hawakustaafu kumfuata. Miaka ile kulikuwa na risasi milimani, barabara zikifungwa jioni, na mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa asubiri kufunguliwe. Walimjia barazani. Aliyetoka kambini Kongo alikuja, aliyerudi kutoka Uganda na Kiingereza chake alikuja, na mke wa askari, na yule ambaye mumewe hajulikani alipo. Akusheze hakumuuliza mtu upande wake. Aliuliza chupa ya maji imepasuka saa ngapi.

Alikuwa na maneno yake. Mwanamke akipiga kelele alimwambia, "Usisukume na hasira, sukuma na akili, hasira itakumaliza kabla ya mutoto." Mume akichungulia mlangoni alimwambia, "We kazi yako iliisha zamani, enda ulete maji." Na hakuna aliyemchekesha kama wanaume waliozimia. Alikuwa anawapepea kwa khanga za wake zao huku akicheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka.

Sasa sikiliza alivyokuwa akimpokea mtoto. Akishakata kitovu na kumpangusa, alimbeba mpaka mlangoni kwenye mwanga. Alilikunja sikio la mtoto kwa kidole kimoja, akatazama ukingo wake wa juu, pale ambapo rangi ya mtu hutangulia kufika. Watoto wetu huzaliwa wekundu, na sikio ndilo linalosema watakuwaje wakishakomaa. "Masikio haibebe uongo," alisema. Ukingo ukiwa mwepesi alirudi anatabasamu. Ukiwa mweusi alirudi na uso uliofungwa, akamkabidhi mama mtoto wake na kusema, "Bon. Iko na afya." Na hapo mama mzazi alishaelewa.

Nisimsingizie. Hili halikuwa lake peke yake. Mama ndio waliokuwa wakiuliza, na jasho bado linawatoka, "Akusheze, atakuwa mweupe?" Hata Tabora, nilipomzaa wa kwanza, wifi yangu alifungua sikio la mtoto kabla hajanipa pole. Ila wengine walitazama wakaenda zao kunywa chai. Akusheze alitazama kisha akafanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Alichovya vidole katika samli ya vuguvugu, akaweka kidole gumba na cha shahada huku na huku ya pua ya kichanga, juu kabisa karibu na macho, akabana, akateremsha polepole mpaka ncha, akabana tena. Mara nyingi, bila haraka, akiimba wimbo wa kanisani puani. Aliamini mfupa wa mtoto mchanga ni kama unga mbichi, unasikia. Mama alipoondoka aliachiwa maagizo: kuogesha, kukanda kitovu, kubana pua asubuhi na jioni. "Namuwekea njia," alisema. Kwake ile ilikuwa zawadi, na aliitoa bure kwa kila mtoto.

Lakini huyohuyo alikuwa adui wa mukorogo. Wasichana walikuwa wakivuka mpaka kwenda Goma na kurudi na mikebe ya mafuta ya kujichubua, na Akusheze akimwona mmoja ana mashavu mekundu na vifundo vya vidole vyeusi alimsimamisha njiani mbele ya watu. "Siku utazaa na utapasuka, nitakushona na nini? Ngozi ya kuchubuliwa haishiki uzi." Aliwaambia wana ngozi nzuri waliyopewa na mama zao, wanaichoma kwa nini? Aliyasema kwa machozi kabisa. Nilisikia kwa masikio yangu, na jioni ileile nikamwona anafinya pua ya mtoto wa jirani. Nikasema huyu mama ana watu wawili ndani yake na hawajawahi kusalimiana.

Safari moja nilithubutu. Nilimwambia, "Mama, unawakataza wasichana mafuta, na wewe unawatengeneza watoto pua. Si mambo ni yaleyale?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anakula. "Msichana anajiharibu," akasema. "Mi nasaidia mapema, mbele ya dunia kumuona."

Nilitaka kujua dunia iliwahi kumwona yeye vipi.

Kuhusu uso wake mwenyewe hakuwa na mukorogo wala poda. Alikuwa na giza zuri, weusi wa kung'aa, pua iliyokaa kwa nafasi, mashavu mapana. Ukimwona ameketi barazani akichambua maharage ungesema mtu huyu ametulia ndani ya mwili wake. Ungekosea. Nyumbani mwake hamkuwa na kioo hata kipande. Serikali ilipotoa vitambulisho vipya kila mtu akapigwa picha, na yeye picha yake alinituma mimi nikaichukue studio. Nilipompa aliipokea imegeukia chini, akaiweka kwenye bahasha hivyohivyo. Askari akimwomba kitambulisho barabarani alikitoa huku anatazama ziwani.

Na zilikuwapo siku za mlango. Tuliziita hivyo pale uani. Bila homa, bila msiba, Akusheze alifunga mlango wake na asitoke siku mbili, siku tatu. Hakula. Ukiweka sikio ukutani, na mimi niliweka, ulisikia maji yakimwagika na jiwe la kusugulia miguu likikwaruza, kwaru, kwaru, mpaka unasema atafika mfupani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na shingo ina michubuko nyuma, pale anapodhani mtu haoni. Mjamzito akija siku za mlango, tulimwelekeza hospitalini.

Watu walisema ni vita. Wakati ule kila mtu aliyefunga mlango alifungiwa jina hilohilo. Waliona wafu, walipoteza watu, vichwa vilichoka, na kweli Akusheze naye alizika kaka na watoto wa kaka. Nani angebisha? Mimi nilibisha kimoyomoyo, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa akimkatia kuni tangu zamani aliniambia siku za mlango zilianza Akusheze akiwa msichana wa maternité, miaka mingi kabla vita havijawa na jina.

Parokia ilianzisha kikundi cha wanawake cha kusemeshana. Mama mmoja aliyefunzwa Kigali alikuja kila wiki, wakakaa kwenye mabenchi duara, kila mmoja akitoa lake lililomlemea. Nilimsukuma Akusheze aende. Alivaa gauni nililomshonea, akaenda, akarudi kabla ya wengine. Akakaa kwenye kizingiti changu.

"Vipi, mama?"

"Wote walisema mambo ya wafu," akasema. "Zamu ikafika kwangu. Mi nikanyamaza."

"Kwa nini? Nawe una wafu."

"Wafu wangu nawalilia Misa. Mambo inanikula si hiyo." Alikuna mkono taratibu. "Wenzangu walie batoto, mi nilie uso? Aibu."

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya Masera. Ndivyo walivyowaita masista wa kizungu wa misheni. Nilikuwa napiga pindo, nikaacha kuzungusha cherehani, maana nilijua nikiuliza hata neno moja ataghairi.

Masera huyo alimchukua akiwa msichana, akamfundisha kila kitu. Kushika mkasi, kugeuza mtoto aliyekaa vibaya, kusoma Kifaransa cha kwenye chupa za dawa. Alimnunulia viatu. Alipougua malaria Masera alikesha kitandani pake usiku kucha. Na kila mtoto mweusi wa kukoza akizaliwa, Masera alimwinua akacheka, akasema kwa Kifaransa, "Kipande kingine cha makaa." Alisema kwa upole, kama mtu anayemtania mtoto wake. Wasaidizi wote walicheka, na Akusheze alicheka kuliko wote, ili asionekane yeye ndiye kipande kikubwa.

"Siku moja akanishika mikono," Akusheze akasema. "Akaniambia, mikono yako ni ya kizungu kabisa. Uso tu ndiyo Mungu alisahau."

"Ukasemaje?"

"Nikasema merci, Masera." Aligeuza viganja vyake juu. "Nilifurahi mwaka muzima, Mutanzania. Nilikuwa najirudilia hiyo maneno kitandani, mikono ya kizungu, mikono ya kizungu."

Nilikasirika mpaka sindano ikanichoma. Nikamwambia huyo Masera alikuwa shetani. Akusheze akatikisa kichwa.

"Hapana. Angenichukia ningemusahau. Alinipenda, ndiyo mubaya. Mutu anakupenda akisema uko mubaya, unamwamini."

Nikamuuliza, siku za mlango anafanya nini mle ndani. Akasema anasikia kitu kinampanda kutoka tumboni, kama aibu lakini hakuna aliyemwona, na usingizi unakataa, na anaanza kuhesabu watu wote waliowahi kumtazama usoni, na kuwaombea wamsahau. Kisha anaoga. Anaoga tena. Mama wa kikundi cha parokia, nilipomweleza baadaye bila kutaja jina, aliniambia ameshawasikia wengine wa namna hii, na hakuna anayewahesabu, kwa sababu vita vimejaza mabenchi yote. Akasema ugonjwa ule una dawa ya polepole, na dawa yake ya kwanza ni kusemwa. Nilimfikishia Akusheze. Alirudi kwenye mabenchi juma lililofuata, na lililofuata tena, lakini aliyosema huko sikuambiwa, na sikuweka sikio ukutani, ingawa nilitamani.

Mwaka uleule likatokea la barazani. Mwanamke aliyekuja kutoka upande wa Nyakiriba na gunia la viazi vya shukrani alijifungua salama, mtoto akapanguswa, sikio likatazamwa, samli ikaletwa. Akusheze alipoanza kubana, yule mwanamke akaamka kwenye mkeka na damu yake, akamshika mkono.

"Mama, unataka mutoto wangu afanane na nani?"

Katika nchi hii pua zilipimwa kwa vipimo vya chuma, na Wazungu waliozipima waliondoka wakatuachia majibu, na tulizikana kwa majibu hayo. Swali kama lile, mwaka kama ule, ungeweza kulijibu vibaya kwa njia kumi. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji walitazama chini.

Akusheze alibaki ameshika samli. "Mi sikuwaza mambo ya hawa na hawa," akasema kwa sauti ndogo. "Mi niliwaza ya Masera tu."

Yule mwanamke hakujua Masera ni nani. Alimchukua mtoto wake, akamfunga kifuani. Viazi aliviacha. Akusheze alivigawa uani vyote, hakula hata kimoja, na mlango ulifungwa juma zima.

Sasa nimtaje binti yake. Esperansi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa na dereva, wanakaa Rubavu nyuma ya kilima, mwendo wa kutembea tu. Alikuwa mamaye aliyechongwa upya, uso uleule, pua ileile, na alitembea nao kichwa juu. Alikuja Jumapili kwa Jumapili na mkate, akakaa na mama yake, wakacheka. Mpaka aliposhika mimba. Tumbo lilipoonekana alimwambia mama yake mbele yangu, bila kupaza sauti, "Nitazalia hospitali. Na mutoto wangu hutamugusa."

Akusheze hakuuliza kwa nini. Kutouliza kwake kuliniambia kwamba anajua. Lakini mimi sikujua, na mnanifahamu. Nilimsindikiza Esperansi mpaka njiani nikamuuliza.

Alisimama. "Mi nililala na kibanio cha nguo puani mpaka nikaanza shule," akasema. "Na vidole yake, asubuhi na jioni. Nilikuwa nikisikia samli inachemka, tumbo inaniuma. Sikujua wengine habafanyiwe. Nilidhani ndiyo kuoga."

"Alikuwa anakupenda."

"Najua ananipenda, dada. Kila siku nikimuangalia alikuwa ananiangalia hapa." Aligusa pua. "Kwenye macho haikufika hata siku moja."

Nilimpa mkono tukaagana.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike. Siku ya kupewa jina nilikwenda na Akusheze. Kule desturi ni kila mgeni kumpa mtoto jina analomtakia, kisha wazazi huchagua. Watoto wa jirani walikula chakula chao kwenye ungo, wakacheka, na kichanga kikapita mapaja kwa mapaja, kila mtu akitaja jina. Akusheze alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, mikono ameizika chini ya kitenge. Mtoto alipomfikia jirani yake, Esperansi alisogea akampokea, akamrukisha kwa mtu wa upande wa pili. Wote tuliona. Zamu ya Akusheze kutaja jina ilipofika alisema tu, "Munipite."

Wakampita. Mimi nililia njia nzima kurudi, yeye hakulia. Alinipa leso yake.

Baada ya siku ile mlango ulifungwa mpaka tukaogopa. Nilimpikia uji nikauweka kizingitini, nikaukuta umepoa. Niliongea naye kupitia ubao wa mlango, habari za mji, bei ya sambaza, nani kaoa. Wakati mwingine alijibu, wakati mwingine jiwe lilikwaruza tu. Mwishowe nilipanda kilima mpaka kwa Esperansi, nikamwambia mama yako atajimaliza kwa maji na jiwe. Alikuwa ananyonyesha. Alitafakari mpaka mtoto akasinzia.

"Mi simukatazi kuja," akasema. "Akuje siku ataweza kumuangalia mutoto bila kumutengeneza. Siku hiyo tu. Nikijiangalia kwenye kioo bado naona vidole ya mama. Huyu asizione."

Nilirudi na ujumbe huo, nikausema neno kwa neno kwenye ubao wa mlango. Halafu nikasikia, "Mwambie sawa." Baadaye kidogo, "Hiyo siku, mi sijui kama iko."

Lakini alitoka. Akaanza tena kwenda kwenye mabenchi ya parokia. Na nitakwambia nilichokiona, maana hakuna aliyenituma kukiona: akizalisha, alimaliza kumpangusa mtoto kisha akamkabidhi upesi kwa mama yake, akakaa juu ya mikono yake mwenyewe. Aliikalia kweli, kwenye kigoda, kama mtoto aliyekatazwa kushika sukari. Sikio hakulikunja. Wanawake wakiuliza, "Atakuwa mweupe?" alisema, "Atakuwa mutu." Baadhi yao walinuna, wakasema mkunga amezeeka. Mara nyingine vidole vilimtoroka, nikaviona viko puani mwa mtoto, na yeye mwenyewe akaviona kama vya mtu mwingine, akavirudisha, akatoka nje akapumua. Alijitahidi sana, na alichoka sana, na mimi nilimpenda miezi ile kuliko wakati wowote.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumapili baada ya Misa, mvua imepita na kilima kinanuka udongo. Nilikuwa nimeshakata shauri la kuhamia Kigali kwa mwanangu, mizigo imefungwa nusu. Akusheze aliingia na kipande cha kitenge mkononi. Akanyoosha mikono mbele yangu.

"Nifunge," akasema.

"Nikufunge nini?"

"Vidole gumba. Kunja ndani, ufunge na vingine. Inaenda yenyewe, Mutanzania. Kichwa imekubali, vidole haijakubali."

Nilitaka kumzuia, nikaona uso wake nikaacha. Nilikipasua kile kitenge vipande viwili, nikakunja kila kidole gumba kikalala kiganjani, nikazungusha kitambaa, nikapiga fundo. Aliniambia nikaze. Nikakaza. Tukatoka, yeye mbele, mikono imefungwa kama mtu aliyeungua, watu wa Nengo wakituuliza kulikoni na mimi nikiwajibu tunakwenda kusalimia.

Esperansi alikuwa uani anamenya viazi, mtoto amekaa kwenye mkeka kati ya mito. Alimwona mama yake, akaona vitambaa. Kisu kikashuka.

"Nani amekufunga?"

"Mi mwenyewe niliomba," Akusheze akasema. Akaketi ukingoni mwa mkeka. "Uliniambia nikuje siku nitaweza. Hiyo siku niliingojea, haikufika. Nikasema nikuje na hii."

Esperansi aliangalia mikono ile muda mrefu. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akambeba mtoto, akamweka kwenye mapaja ya mama yake. Akusheze alimkumbatia kwa vigasha, vidole vimelala ndani ya nguo.

Mtoto alikuwa bibi yake mtupu. Giza lilelile la kung'aa, mashavu mapana, pua imekaa kwa nafasi. Alimtazama Akusheze, na Akusheze kwanza alitazama pua, nikaona vitambaa vikicheza, fundo linavutwa kutoka ndani. Esperansi naye aliona. Hakusogea. Halafu macho ya Akusheze yakapanda polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, yakafika kwenye macho ya mtoto yakakaa hapo.

"Mi niliogopa atafanana na mimi," akasema.

"Anafanana na wewe, mama," Esperansi akasema.

"Naona." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Naona. Iko muzuri. Mungu wangu, iko muzuri, na mi sikuwahi kujua."

Esperansi akapiga magoti, akamfuta uso mama yake kwa kiganja, mashavu, pua, paji. Kisha akashika fundo la mkono wa kulia, akaanza kulifungua. Akusheze akauvuta mkono.

"Acha. Bado."

"Mama, umemuangalia. Inatosha."

"Leo niangalie tu," Akusheze akasema, na akambana mtoto kifuani kwa vigasha vyake.

Tulikaa mpaka viazi vikaiva. Tuliteremka kilima mpaka tukaliona ziwa. Hapo akasimama, akaninyooshea mikono nimfungue, akavikunja vile vitambaa vya kitenge vizuri akavitia kifuani.

"Kigali unaenda lini?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

"Bon. Jumapili ingine uko hapa. Utanifunga tena," akasema. "Lakini usikaze sana."